Kompyuta ya Kumrekodi Mama

Maskati

Kaka Hamisi,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu mama alitulea hivyo, mdogo hamruki mkubwa salamu hata moyo ukiwa umechafuka. Wifi hajambo? Watoto mafua yamewaachia? Mimi mwili mzima. Juzi ulinikatia simu, basi utanisoma.

Unakumbuka mama alivyonipigia akicheka, kwamba watu wa televisheni wamekuja Kilosa kuchukua picha za ngoma yao ya akina mama, na yeye ndiye mwimbishaji. "Nitaonekana mpaka huko kwa Waarabu?" aliniuliza. Nikamwambia stesheni ile huku haishiki, ila nitapata njia.

Siku yangu ya mapumziko iliishia dukani. Muuzaji, Mhindi mmoja mpole, alinionyesha laptopu nyembamba. "Chukua hii, ni nyepesi kusafirisha." Nikamwambia sitafuti wepesi. Nataka ya kuchomeka waya wa king'amuzi, inase kipindi chote na kukihifadhi, iwe na diski kubwa, na spika ambazo mama akiimba atasikika kama yupo chumbani. Akanitolea ya mezani, akaifungua ubavu, akapachika kadi ya televisheni, tukaijaribu palepale. Mngerekodi kwa simu mngenipatia picha ya kioo kinachometameta na kelele za majirani. Mimi nilitaka sauti yake.

Nikakutumia Kilosa, ikafika salama. Siku ya kipindi ulinipigia mwenyewe: "Zuhura, tumemnasa mama mzima mzima!" Nikasikia na vigelegele. Nikakuomba uniwekee kwenye flashi, umpe Salma, jirani yetu aliyekuwa anakuja huku kazini. Ukasema haina shida. Salma akaja mikono mitupu. Kumbe kompyuta ulishaihamishia Mikumi, kwenye banda lako la kuwaonyesha mpira madereva wa malori. Nilipolalamika, mama ndiye aliyenituliza: "Mwache kaka yako atafute riziki. Mimi si nipo?"

Kisha mama akatutoka. Mwajiri wangu akakataa kunipa pasipoti. Ninyi mkiwa makaburini, mimi nilikuwa jikoni nawakaangia samaki wageni wake, machozi nikiyasingizia vitunguu. Msiba ulipokwisha nikakuomba kile kipindi tu. Ukanizungusha: mara umeme, mara virusi, mara fundi kasafiri. Mpaka wifi akashindwa kuvumilia, akaniambia ukweli. Diski ilijaa, ukamfuta mama ili urekodi fainali.

Nikakupigia. Hukubisha.

"Nilijua mama yupo, Zuhura. Ningejuaje?"

Halafu ukakata.

Hata mimi nilijua yupo, kaka. Lakini wewe ulikuwa unaamka unamkuta uani anafagia. Mimi nilimwacha stendi akinipungia kanga, na tangu hapo ni sauti ya simu inayokatikakatika. Kipindi kile kwako kilikuwa kitu cha kujaza diski. Kwangu ndiyo ilikuwa safari ya kurudi nyumbani.

Stesheni nimewaulizia, wanasema hawakukihifadhi. Sasa nakuomba ukae na wifi, umsimulie, aniandikie. Mama alivaa nini? Alianza na wimbo gani? Alitazama kamera, au aliona haya akainama? Usinitungie. Kama ulibonyeza kitufe ukatoka zako nje, sema hukutazama, niwaulize waliotazama.

Msalimie shangazi aliyemwosha mama kwa mikono ambayo ilipaswa kuwa yangu. Wasalimie akina mama wa ngoma, uwaambie nafasi ya mama wasiiache wazi, mtu aimbe. Wifi mwambie simlaumu.

Kompyuta kaa nayo. Usinirudishie, usiniuzie. Ila siku nitakayofika Kilosa nisiikute ndani ya nyumba ya mama.

Ni mimi mdogo wako, ambaye hakuaga wala hakuzika,

Zuhura