Sufuria ya Mwenyekiti

Issuna

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Babu yako hajambo, na yule mbuzi mweupe kazaa mapacha. Umeniuliza kwa nini kila karamu naenda na kikombe changu.

Mwaka tulipooana, enzi za vijiji vya ujamaa, kipindupindu kilikuwa kimepungua. Halmashauri ya kijiji ikaruhusu sherehe tena, ila ikasisitiza maji yaendelee kuchemshwa, na wazee waache kuzungushiana kibuyu kimoja cha pombe. Kila mtu aje na chombo chake.

Harusi yetu ikawa ya kwanza. Mwenyekiti aliyetutangazia hayo, kwa mazoea, akanyoosha mkono apokee kibuyu alichokuwa akinywea baba yangu.

"Mwenyekiti, kikombe chako kiko wapi?" baba akamuuliza.

Mwenyekiti akacheka, akaenda kwake kwa miguu, nasi tukamngoja. Alirudi jasho likimtoka, ameshika sufuria, maana kikombe mkewe alishakuja nacho. Tulicheka mpaka machozi! Tangu siku ile hakuna aliyesahau chake.

Sufuria alituachia iwe zawadi. Ndiyo ninayochemshia maji mpaka leo.

Bibi yako anayekungoja, uje na kikombe.