Kibao Nilichokivaa Mwenyewe

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza na neno hilo kwa makusudi, na huko uliko najua unajua kwa nini. Huu ni mwaka wa nne tangu tukuzike Pangani, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Leo naandika, tena barua ya wazi, na wengine waisome, kwa sababu nimepewa mpaka Ijumaa niseme kama naendelea kufundisha au nafungasha vitabu vyangu.

Kwanza nikupe haki yako. Ulikuwa mwalimu wa Kiingereza hodari kuliko wote niliowahi kukaa mbele yao, na nimekaa mbele ya wengi, wakiwamo waliozaliwa na lugha yenyewe. Watu wa ng'ambo ya mto walikutania kwamba Kiingereza chako kimetiwa tui la nazi. Ulicheka nao, kisha ukaingia darasani. Nakumbuka nikiwa kidato cha kwanza, katika darasa lako, Mwanaidi alisimama kutueleza kwamba mama yake anapika, akamtaja mama kwa neno la mwanamume, "he". Darasa zima likaangua kicheko, na mimi nikiwamo. Hukumsahihisha papo hapo. Ulitugeukia sisi tuliocheka.

"Kwa Kiswahili, mama anapika. Baba je?"

"Anapika," tukajibu.

"Mke yuko wapi hapo? Mume yuko wapi?"

Tukatafuta, hatukuwaona. Ndipo ukatuambia kwamba Mwanaidi hakukosea kwa ujinga. Lugha yake haina haja ya kujua kama mtu ni mke au mume, inachotaka kujua ni kama ni mtu au ni kiti. Kiingereza nacho kina udadisi wake, ukasema, na itabidi tuuzoee kama tunavyozoea tabia za mgeni. Ukampa Mwanaidi wiki nzima ya kutusimulia habari za mama yake, sentensi tano kila asubuhi. Wiki ilipoisha tulimjua mama Mwanaidi mpaka samaki anaowapenda, na hakuna aliyemgeuza mwanamume tena.

Hapo ndipo nilipojua nataka kuwa mwalimu wa namna gani. Matamshi ya redioni yanafaa, sikatai, lakini mwalimu wa lugha ya kigeni ambaye hajui mtoto ametokea katika lugha gani anafundisha ukuta. Wewe ulijua tulikotoka. Kosa letu ulilisoma kwa makini kuliko jibu letu sahihi, na yote niyafanyayo darasani leo nimeyachukua kwako.

Lakini kulikuwa na kile kibao, Baba.

Kipande cha mbao chenye kamba, kimeandikwa kwa Kiingereza kwamba anayekivaa ni mjinga aliyesema Kiswahili. Anayesikika akisema Kiswahili anavalishwa, anatembea nacho mpaka amnase mwenzake, na anayekutwa nacho kengele ya mwisho anabaki kufyeka nyasi za uwanja. Wewe uliyetuambia Mwanaidi si mjinga, ulikitunza wewe, kwenye saraka ya meza yako.

Siku ile Bibi alipotoka Mkwaja kuja kututazama, nilikuwa nacho shingoni tangu asubuhi. Alipita shuleni kwanza, na kikapu chake cha vitumbua, kwa kuwa alikuwa na hamu na mimi. Nikamsogelea. Wewe ulikuwa umesimama kwenye baraza ya ofisi ya walimu, hatua kumi tu kutoka kwetu, chaki mkononi.

"Good morning, Grandmother," nikamwambia mama yako mzazi.

Marahaba ya Bibi ilikuwa tayari mdomoni, na hakuwa na pa kuipeleka.

"Hee. Hata shikamoo huna?" Kisha akakishika kibao, akakigeuza huku na huku. Hakujua kusoma. "Na hichi ni nini? Mmeshindania nini, mjukuu wangu?"

Alidhani nimepewa tuzo. Nikakutazama nikisubiri uniambie nimjibu, au umjibu wewe. Ulitazama saa yako. Bibi akakugeukia: "Mwana huyu mwamfunza nini, hata adabu imemtoka?" Nawe ukasema, "Ni masomo, Mama." Akaniachia vitumbua, akatangulia nyumbani. Jioni nilifyeka nyasi.

Sijakusamehe hilo. Nilikuuguza, nilikulisha uji, nililia kaburini kwako, na bado sijakusamehe. Nakuambia waziwazi kwa sababu ukiwa hai nilikuogopa.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Nafundisha Tanga mjini, nyuma ya Ngamiani, katika moja ya hizi shule za Kiingereza ambazo watoto wa darasa la pili wanafungwa tai. Muhula huu tumepata mwalimu mkuu mpya. Tunamwita Madamu. Wiki yake ya kwanza alituletea vibao kama kile, kimoja kila darasa, vimepigwa vanishi kabisa. Wazazi, anasema, wanataka kusikia Kiingereza kuanzia getini. Baada ya siku kumi alichungulia darasani kwangu, akanisifu: "Mwalimu, darasa lako limetulia sana."

Kweli lilikuwa limetulia. Watoto hawakuhamia kwenye Kiingereza, walihamia kwenye ukimya. Waliokuwa wakinipigia kelele za kila aina, nusu Kiswahili, nusu Kiingereza cha kubahatisha, ambacho ndicho Kiingereza kinachokua, waliacha hata kuuliza.

Katika hao yupo Zuhura, ana miaka saba, wazazi wake wamehamia kutoka Pemba mwaka huu. Jumatatu iliyopita, tangu kipindi cha pili, nilimwona amefumba mkono mmoja, anaandika kwa mwingine, midomo kaibana. Mpaka mapumziko hakuufumbua. Nikachuchumaa kwenye dawati lake, nikamfungua vidole kimoja kimoja. Ndani mlikuwa na jino. Mdomo ulikuwa umejaa damu aliyokuwa akiimeza.

Alikitazama kibao ukutani, akaninong'oneza, "Jino sijui Kiingereza wasemaje."

Nikamjibu kwa sauti ya kusikika darasa zima, kwa Kiswahili, kwamba jino la kwanza kung'oka si jambo la kunyamaziwa. Tukamsukutua, tukalifunga jino kwenye karatasi. Kisha nikawafundisha neno lenyewe, na la damu, na la fizi, na kila mwenye pengo akasimama kulionyesha na kueleza lilivyopatikana. Zuhura alisema sentensi tatu za Kiingereza siku ile. Kabla ya hapo hakuwahi kusema hata moja.

Halafu nikafuata kanuni. Nilikuwa nimesema Kiswahili, wameshuhudia watoto arobaini, basi nikakitoa kibao kwenye msumari, nikajivika. Nilikwenda nacho chai. Nilisimama nacho getini wazazi walipokuja kuchukua watoto wao.

"Unanichezea mchezo gani, Mwalimu?" Madamu aliniuliza ofisini.

"Sichezi, Madamu. Nimekamatwa."

"Kile ni cha watoto. Wewe ni mtu mzima."

"Ndiyo maana mimi naweza kukibeba."

Jumanne barua ilikuwa mezani kwangu: nitie saini kwamba nitakitumia, au nijiuzulu ifikapo Ijumaa. Mwalimu mwenzangu Hiza, mtu mwema, alinivuta pembeni. "Dada, kazi ziko wapi siku hizi? Watundikie tu. Wakizoea hawaumii." Nikamwambia mimi nilizoea, na nina miaka thelathini na sita, na bado naumia.

Sikungoja Ijumaa. Leo asubuhi nimempelekea Madamu jibu, ukurasa mmoja, kwa Kiingereza kitupu. Nimeeleza habari ya jino. Nimesema sitamvika mtoto yeyote kibao hicho, na kama hilo linanitoa kazini, linitoe. Alilisoma mbele yangu akiwa ameshika kalamu nyekundu, akarudia tena kutoka juu, taratibu, akitafuta pa kuweka alama. Hakupaona. Akaniambia nisubiri uamuzi wa wenye shule, nami nasubiri.

Kiingereza hicho ni chako, Baba, kila nukta. Ulinipa ukiwa umenifunga mdomo, na leo ndicho nilichotumia kukataa.

Pumzika kwa amani. Nakupenda, lakini la kibao hatujalimaliza, mimi na wewe.

Binti yako,
mwalimu wa Kiingereza