Sanduku la Crispin

Kihesa, Iringa
21 Januari 1957

Wifi yangu Yudith,

Kamwene. Umeamkaje na baridi ya Mbeya? Kile kifua kimepona? Sisi tupo, mvua hainyamazi, na mahindi yamefika magotini.

Mama yetu Apolonia hali yake si nzuri. Miguu imevimba na chakula anakionja tu. Kila asubuhi ananiuliza, "Crispin amefika?" Namwambia, "Mama, kaka tulimzika Mbeya mwaka jana." Ananijibu, "Alikozikwa nakujua. Nauliza kama amefika."

Desturi yetu unaijua. Mtu wetu akizikwa mbali, tunachukua udongo wa kaburi lake, upande wa kichwa, tunamrudisha kwao. Anayeubeba humwambia marehemu njia nzima: sasa tunaondoka, sasa tunavuka mto, sasa tumefika, shuka. Asipoambiwa hubaki njiani. Baba mdogo Kalinga aliondoka na basi kuja kwako, akaishia Makambako. Mbele yake daraja limechukuliwa na maji.

Sasa sikiliza. Memsahibu ninayemlelea mtoto anakuja huko kwa ndege mwezi ujao, nami naenda naye. Tutakaa siku tatu. Wifi, naogopa sana. Kaka alibeba mizigo ya ndege miaka sita, lazima alikusimulia. Nifanyeje nisiaibike, na mzigo usipotee?

Wako,
Wifi Severina


Mbeya
2 Februari 1957

Wifi Severina,

Ndaga kwa barua. Kifua kimepoa, namshukuru Mungu. Mpe mama pole yangu, na umkande miguu kwa maji ya chumvi.

Kuhusu ndege, mimi sijapanda, ila Crispin alizileta hadithi zake nyumbani kila jioni. Watakupima kwenye mizani pamoja na mzigo wako, kama gunia la kahawa. Usione haya. Alisema kuna mabibi wa Kizungu waliomwomba afumbe macho asisome kilo zao. Ndege ikipanda masikio yataziba, basi meza mate, na mtoto mpe chupa anyonye, hatalia.

Mzigo ndio kazi. Bandua lebo zote za safari za zamani. Mchukuzi ana haraka, atasoma ile anayoiona kwanza, na sanduku haliwezi kumwambia, "Samahani bwana, mimi nashuka hapa." Andika jina nje, uandike na ndani, kwa sababu la nje hunyeshewa likafutika. Funga kitambaa cha rangi kwenye mkono wa sanduku, maana ya kahawia yote yanafanana. Usiondoke kwenye mizani mpaka uone kwa macho yako lebo mpya imefungwa, na usome jina la mji. Na kitu ambacho huwezi kupata kingine usimpe mtu. Kiweke mapajani.

Juu ya udongo, nimesoma barua yako mara nne. Ndege ya Alhamisi ikipita juu ya paa, kikombe cha bati hutetemeka mezani, nami nateleka maji ya kuoga, kwa kuwa saa hiyo ndiyo alikuwa akirudi. Bado nateleka. Asubuhi nyingine naikuta sabuni imelowa. Sijamwambia mchungaji.

Njoo, wifi. Sitakunyima.

Wifi yako,
Yudith


Kihesa, Iringa
19 Februari 1957

Wifi Yudith,

Salamu nyingi, na asante kwa ndizi na kwa kitanda chako ulichoniachia. Mimi ni mzima wa mwili tu.

Sanduku halikufika.

Alhamisi ile baada ya kuagana nawe, nilikaa dirishani nikamwambia kaka kila kitu. Tunapanda. Tunavuka Ruaha, ingawa niliona mawingu matupu. Memsahibu akaniuliza, "Severina, unasali?" Nikasema ndiyo. Tulipotua nikamwambia, "Kaka, tumefika, shuka." Nikasimama pale chini kwenye upepo kama ulivyonifundisha, nikahesabu masanduku yanavyoteremshwa. Sita. La kaka halimo. Nikamwambia karani, naye akasema yaliyoandikwa Iringa yameshuka yote. Ndege ikaondoka kwenda Dar es Salaam.

Ningeushika udongo mkononi, lakini mtoto alikuwa mapajani, nawe ukaniambia uko salama ndani ya sanduku la mwenyewe. Sikulaumu. Mwombe Lutengano, rafiki yake kaka, aulize hapo kiwanjani kwenu. Mama ameanza kukataa uji. Siwezi kumwambia nimempoteza mwanawe njiani.

Wifi Severina


Kihesa, Iringa
3 Machi 1957

Wifi,

Hujambo? Ndege imekuja mara mbili bila barua yako. Labda unaumwa. Kama ni hivyo pole, mwombe mtu akuandikie.

Mama haulizi tena kama amefika. Sasa anasema, "Mbona mmemwacha amesimama nje?" Jana alimwambia hivyo padre aliyemletea sakramenti, na padre akageuka kutazama mlangoni.

Nijibu hata neno moja.

Severina


Mbeya
8 Machi 1957

Dada Severina,

Nakusalimu, ingawa sijui kama utaipokea salamu yangu. Siumwi.

Sanduku liko hapa kwangu. Lutengano aliniletea tarehe 21 Februari, limerudi na ndege kutoka Dar es Salaam. Aliliweka mezani akacheka, "Shemeji, bwana wako hataki kwenda kwao." Nami nikacheka. Mungu anisamehe, nilicheka kweli.

Ulipokuwa ukipimwa pamoja na mtoto, ulinipa sanduku nishike. Karani alikuwa amefunga lebo ya Iringa. Niliifungua nikaificha kwenye upindo wa kanga. Nikaiacha ile ya zamani, ya Crispin aliporudi kutoka kujifunza kazi Dar es Salaam. Imeandikwa MBEYA. Mimi niliyekuandikia ubandue, ndiye niliyeiacha. Nilijua ninachokifanya. Nilijua mama anangoja. Nilitaka arudi kwangu, basi.

Tangu lirudi nimeteleka maji kila jioni, si Alhamisi tu. Sabuni ni kavu. Nimefungua sanduku, udongo umo kwenye kitambaa kama tulivyoufunga mimi na wewe, ila yeye hayumo. Nyumba ni mabati na kuta. Nikasoma tena barua yako nikaelewa. Ulimwambia shuka. Crispin alikuwa mtu msikivu, Severina, hata kijiko alikirudisha mahali pake. Aliambiwa ashuke, akashuka, na udongo wake ukapita naye akiutazama. Yuko huko kiwanjani kwenu. Mama anasema kweli.

Nenda ukamchukue. Mimi nitakuja na udongo barabara ikipitika. Sikuthubutu kuutuma tena kwa ndege. Siamini mikono yangu.

Mwambie mama, au usimwambie. Hilo sina haki ya kukuchagulia.

Yudith


Kihesa, Iringa
15 Machi 1957

Yudith,

Mama amefariki Jumanne alfajiri. Tulimzika Jumatano, na barua yako ikafika Alhamisi. Kwa hiyo hakuna la kumwambia wala la kumficha.

Nilikuandikia barua nyingine kabla ya hii. Nimeitia jikoni ikaungua. Ilikuwa na maneno ambayo mtu akishayasoma hayasahau.

Leo asubuhi nilikwenda kiwanja cha ndege. Hakukuwa na ndege, mlinzi tu na mbuzi wake wanakula majani ya pembeni. Akaniuliza, "Mama, unamngoja nani?" Nikasema, "Kaka yangu." Akasema, "Leo haiji kitu." Nikasimama pale waliposhushia masanduku siku ile. Nikasema, "Crispin, mama ametangulia. Twende nyumbani." Nimerudi kwa miguu bila kugeuka. Nilipofika nilitandika mkeka nikaacha mlango wazi. Kama alinifuata sijui. Mimi sikusikia kitu, na wa kunieleza hayupo tena.

Kwa hiyo udongo ulete. Wanasema daraja litapitika baada ya Pasaka. Njoo nao mwenyewe, kwa barabara, mapajani. Mwambie kila mto kwa sauti, hata watu wakikutazama ndani ya basi, maana yeye alishaambiwa mara moja kisha akaachwa. Tutauzika karibu na mama. Chukua blanketi nzito, utalala kwangu.

Baba mdogo Kalinga ameniuliza mbele ya watu wote wa msiba, sanduku lilipotelea wapi. Nikamwambia ni kosa la ndege tu, mizigo hupotea. Akaamini, wote wakaamini. Nimemdanganya mzee kwenye matanga ya mama yangu kwa ajili yako. Usije ukanitia tena katika jambo kama hilo.

Ni mimi,
Wifi yako Severina