Kitanda Kilichojaza Chumba cha Baba Mdogo

Baba,

Shikamoo. Najua huitikii tena, lakini nimeona vibaya kuanza kukulaumu kabla ya salamu. Maana nimekushuku, Baba. Ni miezi saba tangu tukuzike, na miwili kati ya hiyo nimeishi nikikushuku wewe, nikimshuku mdogo wako, nikiishuku na karatasi. Mama anasema nimerithi kila kitu chako isipokuwa moyo.

Nikupe habari za huku kwanza. Ofisi ya pale mtaa wa Kikuyu bado ipo. Wateja wanakuja, wanasimama mlangoni, wanatupa macho huku na huku, wanauliza, "Fundi yupo?" Nawaambia fundi ndiye mimi. Wengine hukaa, wengine hukumbuka ghafla kwamba wana safari. Siku hizi ramani za nyumba nachora kwa kompyuta, ila nikishazichapisha nazipima tena kwa rula yako ya skeli, mstari kwa mstari. Kompyuta nayo siiamini. Mama bado analala upande wake uleule wa kitanda. Upande wako ameweka nguo za kukunja, anadai kabati limejaa. Nimelifungua hilo kabati. Halijajaa.

Sasa nije kwenye lililonifanya nikuandikie.

Mwezi wa tano baada ya msiba, Baba mdogo Yona alikuja kutoka Mlali na nusu gunia la karanga. Akanywa chai, akasifia chapati za Mama. Hapo hapo nikakaa macho, kwa sababu tangu nipate akili sijamsikia Baba mdogo akisifia chakula cha mtu. Alipomaliza kikombe cha pili akatoa kwenye mfuko wa nailoni karatasi iliyokunjwa mara nne, imechakaa mpaka mikunjo inataka kukatika. Ilikuwa ramani ya chumba kimoja, nyuma ya nyumba yetu hapa Ipagala, pale katikati ya tangi la maji na ukuta wa uzio. Juu imeandikwa "Chumba cha Yona". Chini pameandikwa skeli moja kwa hamsini, na pembeni saini yako.

Akasema ulimwahidi chumba hicho siku nyingi. Macho yanamwishia, kila mwezi anakuja kliniki mjini, na analala kwenye kochi la sebuleni huku miguu inaning'inia. Daktari anataka awe karibu. Matofali atafyatua mwenyewe, anachoomba ni sehemu tu, ile uliyompa.

Mama alianza kukusanya vikombe. Mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga hesabu kichwani. Baba, kuna jambo sikumwambia mtu, nakuambia wewe: ile sehemu nilikuwa naitaka mimi. Nilitaka kujenga ofisi pale, niachane na chumba cha kupanga Kikuyu, nichore nikiwa nyumbani. Nilishaipima kwa macho kabla hata hatujamaliza matanga.

Kwa hiyo nilimwomba aniachie ile karatasi niitazame, na nikaitazama kama polisi. Unakumbuka ulichokuwa ukiniambia? "Kuta zinaweza kukudanganya. Mtu akikuletea ramani, tafuta kitanda." Ulikuwa unakata kipande cha boksi la majani ya chai, saizi ya kitanda kwa skeli, unakisukuma juu ya ramani kama mtu anayehamia, unaangalia kama mlango utafunguka na kama mtu atapata pa kuweka miguu asubuhi. Wateja walikuwa wakikuona unacheza. Lakini nyumba zako hakuna hata moja ambayo watu walishindwa kuingiza kabati.

Nikaweka rula. Chumba sentimita sita kwa saba nukta mbili. Zidisha mara hamsini, ni mita tatu kwa tatu na sentimita sitini. Sawa. Dirisha sentimita mbili nukta nne, yaani mita moja na ishirini. Sawa. Mlango sentimita moja nukta sita, yaani sentimita themanini. Sawa. Halafu nikapima kitanda, nikacheka peke yangu kwa furaha mbaya. Kitanda kilikuwa sentimita tano kwa sita. Zidisha hamsini: mita mbili na nusu kwa mita tatu! Baba, hicho si kitanda, ni zizi. Ukikisogeza kwenye kona, upande mmoja inabaki nusu mita, upande wa pili sentimita sitini, na mlango haufunguki hata nusu.

Nikajua kilichotokea. Aliyechora aliambiwa kitanda ni tano kwa sita, kama maseremala wote wanavyosema, akazichukua namba kama zilivyo akaziweka kwenye rula. Hakujua kwamba zile ni futi, kwamba futi moja unaihesabu sentimita thelathini, kwamba kitanda hicho kwenye karatasi kinatakiwa kuwa tatu kwa tatu nukta sita. Wewe usingefanya kosa hilo hata ukiwa na homa. Kwa hiyo karatasi ni ya kughushi, na saini ni ya kughushi.

Tukaita kikao. Alikuja shangazi na wazee wawili wa ukoo. Nilisimama na rula mkononi, nikawapimia kitanda mbele ya macho yao, nikasema njia ya mwongo ni fupi, huyu wa kwetu hata mlangoni hajafika kwa sababu kitanda kimemzuia. Wazee wakacheka. Shangazi akapiga makofi. Baba mdogo akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Akasema, "Sawa, mwanangu." Basi. Aliiacha karatasi mezani, akapanda gari la Kongwa kurudi Mlali mchana uleule. Siku hiyo nilikula vizuri sana, Baba. Nakuambia ili ujue una mtoto wa namna gani.

Kilichokuja kunisumbua ni lile "sawa" lake. Mwongo akikamatwa hujitetea, huapa, hulia. Huyu hakusema kitu. Nikaanza kushuku upya. Nikatoa mafaili yako ya zamani nikalinganisha saini, ile "s" yako inayoanguka chini kama imechoka. Ilikuwa ni yako. Hapo ndipo nilipogeuka nikakushuku wewe. Nikasema labda ulisaini bila kusoma. Labda ulikuwa umeshaanza kuumwa, mtu akakuwekea karatasi mbele. Labda kulikuwa na jambo kati yenu ndugu wawili ambalo mimi na Mama hatukutakiwa kulijua. Wiki tatu nzima sikumwambia mtu.

Kisha jioni moja Mama alikuwa anachambua mlenda pale mezani, karatasi iko wazi mbele yake. Akaichungulia kwa karibu kwa mara ya kwanza. Akaanza kucheka, Baba, kicheko ambacho hatujakisikia humu ndani tangu uondoke. Akasema, "Hiki si ndicho kile kitanda chako? Baba yako alicheka wiki nzima."

Hapo ndipo nikakumbuka. Nilikuwa kidato cha pili, likizo. Ulinipa kazi ili nisizurure: "Mchoree baba yako mdogo chumba." Nikapima uwanja wa nyuma kwa futi kamba, Mama akinishikia ncha. Nikaenda kwa seremala kuuliza saizi ya kitanda, akanijibu bila kuinua kichwa, "Tano kwa sita." Hukunikosoa. Ulinipa kipande cha boksi tu, ukaniambia nifungue mlango. Nikachora tena, nikapatia, na hiyo ya kupatia ndiyo niliyoikumbuka miaka yote. Ile mbovu nilidhani ilikwenda kuwashia jiko. Kumbe uliisaini ukampa mdogo wako.

Kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nakagua nguo za wenzangu.

Kwa nini ulimpa ile, Baba? Ile nzuri ilikuwepo. Nashuku ulikuwa unajivunia binti yako. Nashuku ulitaka mtu wa kucheka naye. Sina ushahidi, na safari hii siitishi kikao.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda Mlali. Nilimkuta kakaa kibarazani. Nikasimama uani, akatoa salamu ya Kigogo, "Mbukwenyi," vile mtu anavyomsalimu mgeni, kwa sababu hakunitambua mpaka nilipofungua mdomo. Nikapiga magoti, nikamwambia yote, hata ile habari ya ofisi. Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nilijua ni mkono wako. Kaka aliniambia siku ile aliponipa. Sasa ningesema pale mbele ya wazee, wewe uso wako ungeuweka wapi?"

Unanijua. Hata hapo nilishuku. Nilisema moyoni, huyu ananitega kwa wema, ananipa kidogo leo ili kesho anidai kikubwa. Nikamkazia macho muda mrefu, natafuta uongo. Naye alikuwa amegeuza uso pembeni kidogo ya mahali nilipo, hajui kama namkagua. Hapo nikalia, Baba. Nililia kuliko siku ya mazishi.

Nilimchorea ramani mpya, kitanda tatu kwa tatu nukta sita, lakini mistari ya kwenye karatasi haioni tena. Kwa hiyo wiki ya kliniki, alipokuja, nilichora kwa skeli ambayo hukuwahi kunifundisha, moja kwa moja. Nilifunga kamba kwenye vijiti pale nyuma, nikamwaga chokaa juu ya udongo mwekundu, kuta zote nne kwa vipimo vyake halisi. Kitanda nikakiwekea matofali kwenye pembe. Mlango nikauacha wazi, sentimita themanini.

Akakataa nimshike mkono. Alizunguka taratibu kwa nje, anafuata weupe wa chokaa, ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu. Angeweza kuvuka popote, maana hapakuwa na ukuta, ni kamba tu iliyofika vifundoni. Alikwenda mpaka penye mlango, akasimama, akavua kofia.

"Hodi," akasema.

Mama alikuwa jikoni. Alitoka na mwiko mkononi, akasimama akimtazama.

"Karibu kwako, shemeji."

Jumapili hii nimewaita shangazi na wazee walewale. Nitasimama palepale nilipowachekesha, niwaambie mkono ule ni wangu na mwongo pale ndani nilikuwa mimi. Jumatatu tunachimba msingi. Meza yangu itabaki Kikuyu. Hayo matatu nakuahidi, na kwa vile hata mimi mwenyewe sijiamini sana, nimemwomba Mama awe shahidi.

Lala salama, Baba. Nakupenda, na nakuomba msamaha.

Mwanao,
Lea