Mapengo Manne

2 Machi

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kulia, lile nililoliharibia kazini, linasumbua kila mvua ikinyesha. Wewe hujambo? Mama yako ameniambia uko kwa dobi, unapiga pasi. Kazi ni kazi, ingawa nilidhani ungebaki kwenye nyaya za umeme.

Ile treni ya mfano uliyonitengenezea bado iko mezani chumba cha nyuma, imefunikwa shuka. Tangu sherehe ya kuniaga kazini haijasogea. Nina swali dogo tu, la udadisi. Kwenye ule mzunguko wa mwisho, unaoigeuza treni irudi ilikotoka, reli zilikuwa na mapengo? Madogo, upana wa ukucha? Nauliza tu.

Mjomba wako

20 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole na goti. Mimi sijambo, vidole tu ndivyo vinaungua. Napiga pasi mashati themanini kwa siku, na shati likikunjika hakuna anayenicheka.

Fundi mkuu wa karakana ya reli hakunipa ile nafasi ya fundi umeme, unajua. Vijana wake wananiita Fundi Shoti mpaka leo. Juzi nilikwenda dukani kununua balbu, mmoja wao akaniuliza kama nimekuja na moshi wangu. Jina ulinipa wewe, mjomba, nalo limefika mbali kuliko treni yako.

Kuhusu reli, mwenye kuzijua ni wewe. Umezitengeneza miaka thelathini.

Mpwa wako

9 Mei

Mpwa wangu,

Natumaini vidole vimepoa. Barua hii nimeiandika mara tatu, mbili nimewashia jiko.

Asubuhi ya sherehe yangu, ulipokwenda kuvaa, niliinama kuikagua treni. Nikaona reli zimekatwa kwa msumeno mahali panne. Kazini kwetu reli iliyokatika ni msiba. Nikasema moyoni, mtoto huyu nyaya anazijua, reli hazijui. Nikachukua lehemu yako nikayaziba yote manne, nikapiga msasa hadi nikaridhika. Niliona nakusitiri.

Wageni wakaja, ukawasha swichi, transfoma ikaunguruma, moshi ukatoka chini ya meza. Fundi mkuu alikuwa amekuja kuiona kazi yako. Nami nikasema mbele ya wote, "Mnamwona Fundi Shoti wetu? Hata treni ya kuchezea imemshinda." Wakacheka, na aliyecheka kuliko wote ni mimi.

Februari nilimwita fundi redio wa mtaani. Akaingia chini ya meza na tochi, akatoka akiisifu kazi yako, kila waya na lebo yake. Kisha akaniuliza, "Mjinga gani ameziba mapengo?" Akanieleza kwamba reli moja ni chanya na nyingine hasi, na kwenye mzunguko ule reli ya kushoto inakuja kukutana na ya kulia. Ulikata ili zisigusane. Nikamjibu sijui ni nani. Nilimjibu hivyo, mpwa wangu, kwa uso mkavu.

Naona haya hata kuingia chumba kile. Nisamehe.

Mjomba wako

30 Mei

Shikamoo mjomba,

Hapa tu wazima. Mimi nilijua.

Siku ile nilitambaa chini ya meza, nyaya zote zilikuwa sawa. Nilipoinuka nikaiona lehemu mpya inang'aa kwenye reli, na kidole gumba chako kimeungua. Ilikuwa siku yako, wenzako wamejaa sebuleni. Sikutaka kukuaibisha, nikijua utaniuliza kilichotokea wageni wakiondoka. Nikaosha vyombo vyote nikingoja. Nikangoja na miezi.

Halafu ikaja barua yako ya Machi. Ulikwisha kujua, na bado ukawa unanichungulia uone kama na mimi najua. Hiyo iliniuma kuliko kicheko.

Mimi nimekusamehe, mjomba, ila haitoshi. Ulinicheka mbele za watu. Kanisafishe mbele za watu hao hao.

Mpwa wako

14 Juni

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Nimekwenda.

Nilichagua saa ya chai, wakiwa wote karakana. Nilizunguka lango mara mbili kabla ya kuingia, mzee mzima kama mwizi wa kuku. Nikawaambia mapengo niliyaziba mimi, na Fundi Shoti ni mimi. Wakacheka sana. Nikasimama pale mpaka walipomaliza. Fundi mkuu hakucheka, aliuliza unarudi lini. Nikamwambia sina mdomo wa kukusemea.

Mapengo nimeyakata tena kwa msumeno, yote manne. Transfoma ni mpya. Swichi sijaigusa wala sitaigusa, ni ya mkono wako. Ufunguo wa chumba cha nyuma nimemwachia mama yako. Kama ungependa kuja nisipokuwepo, mwambie yeye siku, nami nitatoka.

Mjomba wako,
Fundi Shoti