Nimempita Kaka kwa Mstari Mmoja

Shangazi mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie maana maji yamenifika shingoni. Mimi na kaka yangu tunatunza programu huria, yaani msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuutumia na kuurekebisha bure, na zahanati nyingi huitumia kukokotoa dozi ya mtoto kwa uzito wake, na tangu mwanzo tulikubaliana hakuna badiliko linaloingia mpaka kaka alikague, ila tangu wifi yangu afariki kaka hakagui, anafungua kompyuta anaikodolea macho mpaka chai inapoa, na wenzetu wanaojitolea wanaanza kutukimbia, wananiambia, "Dada, vidogo vipite tu," nami nikapitisha kimyakimya badiliko la mstari mmoja, la kuondoa desimali kwenye uzito ili skrini ipendeze, kumbe dozi inakokotolewa kwa namba hiyohiyo, bahati muuguzi mmoja akashtuka kabla mtoto hajanyweshwa dawa. Nikaliondoa badiliko hilo haraka. Kaka akaona tu kwamba kuna badiliko lilipita, ya mtoto hayajui, wala hakunifokea, akasema tu, "Kumbe siku hizi mnapitisha bila mimi," akaingia chumbani. Je, vidogo vipite bila kukaguliwa? Nikikataa kazi inakufa, nikikubali naona kama namzika kaka angali hai.

Mdogo Mtu

Marahaba, mwanangu. Poleni kwa msiba. Sasa nikuseme kidogo. Nani alikudanganya kwamba udogo wa badiliko hupimwa kwa mistari? Jiulize likikosewa ataumia nani. Herufi iliyokosewa kwenye maelezo, ipitishe, kisha uwaarifu wenzio. Lakini chochote kinachogusa uzito, umri au dozi kisipite bila jicho la pili, na jicho hilo si lazima liwe la kaka. Mlimtwika mtu mmoja mzigo wa wote. Chagueni wakaguzi wengine wawili wiki hii hii.

Ila barua yako nimeisoma mara mbili. Wewe unatafuta sheria ya kukupitisha mlangoni kwa kaka yako bila kubisha hodi, kwa sababu unaogopa kumwona analia. Kabisheni hodi wewe na woga wako. Mwambie kwa mdomo, usimwandikie, kwamba dozi ilikosewa, mtoto alinusurika, na aliyepitisha ni wewe. Kisha vuta kiti ukae kando yake, mkague badiliko moja pamoja. Akishindwa kulimaliza, usiondoke. Wakaguzi wengine mtawapata. Kaka unaye huyo huyo.