Mionzi Haikukuua, Kaka Ramadhani

Kaka Ramadhani,

Shikamoo. Nimesita kidogo hapa, kama nilivyokuwa nikisita kwenye simu mtandao ukikatika, nikisubiri sauti yako irudi. Sasa naendelea.

Nimechoka, kaka. Nikimaliza kufundisha shuleni Gungu napanda bodaboda hadi kwa Mama, ambako nalala tangu msiba, nafua, napika, halafu wageni wanakuja kutoa pole na mimi naanza upya kueleza ulikufa kwa ugonjwa gani. Siku ya tatu ya msiba jirani yetu Bi Zaituni alisema mbele ya akina mama wote, "Hawa wanaokwenda Ulaya kuchezea mionzi hawadumu." Alisema kwa huruma, ndiyo maana neno likaingia. Tangu hapo Mama akalishika: ile mashine ya kugonganisha vitu ya kazini kwako ndiyo iliyokula figo zako, na yeye ndiye aliyekuruhusu uende.

Daktari aliyekutibu alituambia wazi, mimi na Mama tumekaa benchi moja. Ni presha iliyoharibu figo, ya miaka mingi, ilianza kabla hujapanda ndege. Mama aliitikia kwa kichwa. Tulipofika nyumbani akaacha hata vidonge vyake mwenyewe vya presha. Alisema kama presha ingekuwa inaua hivyo, angetangulia yeye. Na Rehema, binti wa dada yetu Mwajuma, aliyechaguliwa kidato cha tano kusoma fizikia, akaambiwa abadilishe mchepuo. "Nimeshazika mmoja," Mama alisema.

Nilijaribu kumweleza kazi yako kama ulivyonieleza mimi likizo yako ya mwisho, tumekaa uani tunachambua dagaa. Viini viwili vya madini ya risasi vinagongana, panazuka moto mdogo mno, unazimika hapohapo. "Siwezi kuingiza rula mle, Tatu," ulisema. "Kwa hiyo naziuliza chembe zinazotoka." Ukachukua dagaa wawili ukawalaza sambamba kwenye ungo. Chembe za aina moja zilizozaliwa karibu karibu hutoka na mwendo unaofanana, mara nyingi kuliko bahati tu ingeleta. Unahesabu jozi hizo, kisha unazilinganisha na jozi za kubuni, chembe moja ya mgongano huu na nyingine ya mgongano mwingine, ambazo haziwezi kuwa zinajuana. Tofauti yake inakuambia ule moto ulikuwa na ukubwa gani. Nilikuuliza wewe unakaa wapi moto ukiwaka. Ukacheka. "Mimi? Ofisini, mji mwingine kabisa, na chai yangu."

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama nimekula.

Basi mwezi uliopita alipiga simu yule Mrundi uliyekuwa naye ofisi moja. Alitaka kutuambia kwamba ameimalizia kazi yenu, na jina lako limeandikwa juu pamoja na lake. Nilimpa Mama simu. Alimsalimu kwa Kirundi, Mama akajibu kwa Kiha cha kwao Simbo, lugha inayosikilizana na Kirundi, na kaka, nikaona mgongo wake unanyooka. Walizungumza hadi chaji ikakaribia kuisha. Yule Mrundi alimwambia mashine iko chini ya ardhi, hakuna anayekaa karibu nayo ikifanya kazi, na kwamba wewe ulikuwa mtu wa kompyuta tu. Akamwambia pia ulivyokuwa ukilalamika kuumwa kichwa kila siku na kukataa kwenda kupimwa. Mama akauliza, "Na huo moto wake, ulikuwa mkubwa kiasi gani?" Alipojibiwa kwamba ndani ya punje moja ya chumvi ungepotea, akacheka. Alicheka hadi akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Miaka yote hiyo, mwanangu."

Asubuhi moja wiki ile akaniambia nimpeleke zahanati. Bi Zaituni alitukuta mlangoni, akauliza tunakwenda wapi. Mama akamjibu bila ugomvi, "Ramadhani alikufa kwa presha, Zaituni. Aliirithi kwangu. Njoo na wewe upimwe." Wakatangulia wameshikana mikono, mimi nyuma. Nilitaka kumwambia Mama kwamba kurithi si kosa la mtu, lakini sikuwa na nguvu za kueleza jambo jingine tena. Nitamwambia.

Muuguzi alipomaliza nao akanifunga na mimi ule mkanda wa kupimia presha mkononi. Yangu iko juu, kaka. Kumbe kichwa kinachoniuma kila jioni, ambacho nilikuwa nakiita msiba, kina jina lake.

Rehema ameshaondoka na mchepuo wake uleule. Mama hakumbariki kwa maneno. Alimfungashia samaki wakavu aina ya migebuka, wengi kuliko sanduku linavyoweza kubeba, akasimama njiani mpaka gari likapotea.

Sitakudanganya kwamba nimepumzika. Bado najikuta nataka kukupigia. Lakini nakuahidi hili: mimi na Mama tutameza dawa zetu pamoja kila asubuhi kabla sijatoka kwenda shule, na mtu wa nyumba hii akisema kichwa kinamuuma, sitamwacha akatae kupimwa.

Lala, kaka. Mungu akutunze huko mikono yetu isikofika.

Mdogo wako,
Tatu